Vipara Wawili na Mate ya Mmoja

Kuna watu huibiwa simu, wengine huibiwa viatu mlangoni, na wapo walioibiwa mume huku wanatazama. Kipara wa Dirishani aliibiwa mate. Mwizi alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na mate yenyewe yalitoka kinywani mwa huyo huyo mwizi, jambo lililofanya kesi iwe ngumu kidogo kuieleza mbele ya watu wenye akili zao.

"Nimekuja kushtaki," alimwambia mwanasheria wa ofisi ya kulinda taarifa binafsi. "Ndugu yangu ametema mate yangu."

Mwanasheria alikuwa dada mwenye miwani mikubwa na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Alimtazama mzee huyu mwenye kichwa kinachong'aa, akashika kalamu.

"Amekutemea mate, mzee?"

"Angenitemea ningemtandika makofi mawili tukamaliza nyumbani. Ameyatema kwenye kichupa, akawapa watu."

Ili hasira yake ieleweke, inabidi tuanzie kichwani. Kipara wa Dirishani na Kipara wa Mlangoni ni mapacha, na si wale mapacha ambao mmoja kamchukua mama na mwingine kamchukua baba. Hawa walitokana na yai moja, wakafanana mpaka mahali ambapo si pa kutazamwa hadharani. Mama yao alimfunga mmoja uzi mkononi ili asimnyonyeshe yule yule mara mbili na mwingine akashinda njaa. Uzi ulipotelea kwenye beseni la kuogea kabla watoto hawajajua kutambaa, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na uhakika nani alizaliwa kwanza. Mlangoni alijitwalia ukubwa kwa sababu ndiye aliyewahi kujua kusema.

Walirithi saluni ya baba yao. Ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu chenye ufa, viti viwili vya chuma, na kati ya viti hivyo msumari mmoja mnene wa kutundikia vitambaa vya kufutia wembe. Kiti cha mlangoni kilipanda na kushuka. Kiti cha dirishani kilipanda tu. Ukitaka kishuke ulikipiga teke kwa nguvu, kikaanguka ghafla, na ukamwomba mteja radhi. Kila pacha alikuwa na kiti chake. Nywele ziliwakimbia wote wawili mwaka mmoja, wangali vijana, na mtaa ukaona hauna haja ya kuwatafutia majina mengine. Wateja walitania kwamba wanapeleka vichwa vyao kwa watu wenye kijicho.

Kila Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, Vipara walinyoana ndevu. Walitumia wembe wa kukunja wa baba yao, mkanda wa ngozi wa kuunolea, na povu la sabuni. Hakuna aliyejinyoa mwenyewe na hakuna aliyejitazama kwenye kioo, kwa kuwa kioo kilikuwa cha wateja. Anayenyolewa hulaza kichwa nyuma, macho juu, na anayenyoa humtazama kwa karibu mno, pumzi kwa pumzi. Hapo huwezi kuficha kitu, hasa kama anayekutazama amebeba uso huo huo na anajua kila mkunjo wake husababishwa na nini. Dirishani alijua Mlangoni anaoa kabla bibi harusi hajajua anaolewa. Mlangoni naye alijua siku Dirishani alipoachika, akamnyoa kimya, na alipomaliza akampangusa sabuni masikioni kama mtoto mdogo. Kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kuulizana hali. Walinyoana tu.

Baba yao alikuwa kinyozi wa mbwembwe. Alipoingia utu uzima vidole vikaanza kucheza. Kidogo tu. Aliendelea na kazi: angesubiri vidole vitulie, apitishe wembe, asubiri tena, na wateja wakadhani ni madoido ya ufundi, wakawaleta hata marafiki zao waje kuona. Mwaka ulipita hivyo, na wa pili. Halafu mtu mmoja mwenye nia njema akampeleka hospitali kubwa, na huko wakaupa ugonjwa jina. Unarithiwa, walisema, na dawa hauna. Mtoto wa mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu. Daktari akawageukia mapacha akawaambia wao wana hesabu yao peke yao, kwamba watakuwa nao wote wawili au watakosa wote wawili.

Jioni hiyo baba alikunja wembe, akauweka kwenye droo, na hakuugusa tena. Kesho yake vidole vilikuwa vile vile vya jana, lakini mtu alikuwa mwingine. Alikaa kwenye kiti cha wateja akitazama wanawe wakifanya kazi, siku baada ya siku, mpaka ugonjwa wenyewe ulipopata nafasi ya kumfikia vizuri. Dirishani aliamini, na hakuna wa kumtoa hapo, kwamba kilichomuua mzee ni lile jina. Mikono ikitaka kucheza itacheza, alizoea kusema, ila isiandikiwe kadi ya mwaliko.

Sasa basi. Siku moja watu wa taasisi fulani ya utafiti walisimamisha hema jeupe karibu na sokoni, wakaweka spika, muziki, na fulana za bure. Kosa lao ni hizo fulana. Mlangoni ni mtu ambaye akipewa kalamu ya bure hushukuru kwa kuomba na ya pili. Nyumbani kwake kuna kofia za benki asizokuwa na akaunti, kalenda za miaka iliyokwisha kuzikwa, na mwavuli wa chama cha walimu. Hajawahi kutupa wala kuchana kitu cha bure. Hii fulana ilikuwa ya kijani, nzito, yenye maandishi kifuani: NIMETOA KWA AJILI YA KESHO. Mlangoni aliivaa siku hiyo hiyo, akailalia, na Jumatatu akaingia nayo saluni kifua mbele.

"Umetoa nini?" Dirishani aliuliza, brashi ya povu mkononi.

"Mate tu."

"Ya nini?"

"Utafiti. Wanaangalia vinasaba. Nimewaambia na habari ya mzee, wakasema nikitaka kujua kama na mimi ninao, watanipa majibu."

Dirishani aliweka brashi chini. "Na mimi je?"

"Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo. Nimo kwenye hicho kichupa kuanzia ukucha mpaka utosi."

"Acha hizo, bwana. Nimeandika jina langu, nimeweka sahihi yangu. Ridhaa yangu, majibu yangu. Wewe sitakwambia."

"Hutaniambia," alisema Dirishani. "Wewe. Na hiyo sura."

Mlangoni alikuwa amefikiria fulana, amefikiria kichupa, amefikiria hata foleni na namna ya kuiruka, lakini hakufikiria hata kidogo kwamba atarudi na habari ile kwenye uso unaosomwa kila Jumatatu. Walikaa na ndevu zao siku hiyo. Dirishani alitoka akaubamiza mlango, na kesho yake asubuhi akawa wa kwanza kwenye benchi la ile ofisi ya serikali.

Mwanasheria alisikiliza yote mpaka mwisho bila kucheka, na kwa hilo Dirishani alimheshimu papo hapo.

"Mate ni yake," alisema mwanasheria.

"Mate yake. Yaliyomo ni yetu."

"Ndiyo." Alivua miwani. "Mzee wangu, sheria inasema taarifa binafsi ni zile zinazoweza kumtambulisha mtu. Hizi zinamtambulisha yeye. Na kwa kweli zinakutambulisha na wewe, bila jina lako kuandikwa popote. Kampuni ya bima ikizipata za ndugu yako, imepata na zako, na wewe hukumpa mtu hata tone."

"Sawasawa kabisa."

"Lakini siwezi kumkataza mtu kujua habari za mwili wake. Hiyo ni haki yake."

"Na haki yangu ya kutojua?"

"Ipo. Nayo ni haki kamili, hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kujua." Alifungua kitabu cha sheria, akakipekua, akakifunga. "Tatizo ni kwamba imeandikwa kana kwamba kila mtu alizaliwa peke yake."

"Aliyeiandika hana pacha," alisema Dirishani.

"Hana. Mlete ndugu yako Alhamisi tuongee."

Alhamisi Vipara walifika kila mmoja kwa njia yake, wakakaa kwenye viti viwili, mikono juu ya magoti kwa namna moja. Mwanasheria alisalimia, akafungua jalada, akamsomea Mlangoni malalamiko yote kwa sauti ya upole, akimhakikishia kwamba ofisi inasimama upande wake dhidi ya ndugu yake. Mlangoni alisikiliza akitikisa kichwa kwa majonzi. Dirishani alimwacha amalize, kwa sababu alitaka kuona ndugu yake atanyamaza mpaka lini.

"Endelea, mwanangu," alisema Mlangoni. "Huyo ndugu yangu nani anayemtetea?"

Mwanasheria alipogundua kwamba amewachanganya, alivua miwani tena, na safari hii alicheka. Halafu akauliza kwa nini Mlangoni anataka kujua, naye Mlangoni akaacha mzaha.

"Binti yangu ana mimba," alisema. "Ameniuliza kama hicho cha babu kipo au hakipo. Anataka kujua anachomwachia mtoto. Ningemjibu nini? Kwamba baba yako mdogo hataki kusikia?"

Dirishani hakujua habari ya mimba. Kumbe Mlangoni aliificha, aliweza kuificha, labda kwa kuwa ilikuwa habari ya furaha, na uso wa Mlangoni una furaha siku zote bila sababu. Dirishani hana mtoto. Alijiona mchoyo, na kujiona mchoyo kulimkasirisha kuliko fulana.

"Mngeniambia," alisema.

"Ungeanza kuhesabu vidole vyako."

Hilo lilikuwa kweli.

Mwanasheria alifanya alichoweza, na alifanya vizuri. Aliwaandikia watu wa taasisi kwamba sampuli hiyo ni ya watu wawili ingawa kinywa ni kimoja, isipewe mtu wa nje bila sahihi zote mbili, na majibu yaende kwa Mlangoni na binti yake tu. Kisha akaweka sharti la mwisho, na hilo alilisema akimtazama Mlangoni moja kwa moja.

"Majibu yakiwa mazuri, unyamaze. Yakiwa mabaya, unyamaze vile vile. Ukija unacheka siku moja, basi siku usipocheka umeshasema. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na uso wake?" aliuliza Dirishani.

"Uso?"

Wakamweleza habari ya Jumatatu. Mwanasheria akakiri kwamba sheria haijafika huko. Aliuliza kama hawawezi kuacha kunyoana kwa muda. Vipara walimtazama pamoja, kwa jicho lile lile, naye akaomba samahani. Mwishowe Mlangoni ndiye aliyepata dawa. Atakuja amefunikwa na taulo, alisema, kuanzia paji mpaka puani, habari iwe njema au mbaya. Ndevu zinaota chini ya hapo. Dirishani alilitafuta kosa kwenye mpango huo na hakuliona, ingawa alijaribu sana.

Taasisi nayo iliahidi uangalifu mkubwa. Waliandika kwa wino mwekundu kwamba pacha wa mhusika asiambiwe chochote kwa njia yoyote, halafu wiki kadhaa baadaye wakamtuma mshauri wao, mama mpole mwenye mkoba, aende kumwita mhusika saluni. Alifika wakati Mlangoni ametoka kutafuta chenji. Dirishani alikuwa amemshika mteja, fundi rangi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Mzee, habari za leo," mama yule alisema kwa sauti ya chini ya faragha. "Majibu yako yametoka. Naomba tukae pembeni kidogo."

"Si mimi."

Alichungulia picha kwenye mkoba wake, akamtazama, akatabasamu kwa huruma. "Naelewa. Wengi hupata woga mwishoni. Lakini ni wewe, mzee wangu. Nina picha yako hapa."

"Hiyo picha ni yetu," alisema Dirishani.

"Usiogope. Nitakueleza taratibu tu, kwa kweli majibu yenyewe..."

Dirishani alinyakua mashine ya kunyolea, akaiwasha, akaibana kwenye sikio la kulia. Sikio la kushoto likabaki wazi, kwa hiyo akachukua na mashine ya Mlangoni, akaiwasha nayo. Akasimama katikati ya saluni na ngurumo mbili kichwani, macho amefumba, akiimba kwa sauti wimbo wa shule wa kutaja siku za juma. Fundi rangi alishuka kwenye kiti na nusu kichwa chake akaenda kusimama nje. Alipofumbua jicho moja, Dirishani alimwona mama yule amefunga mkoba na kuukumbatia kifuani, uso wake hauna kitu. Hakuna kabisa. Huyo alikuwa amefundishwa kazi. Dirishani alijikuta akiutazama ule mkoba zaidi ya alivyotaka, kwa kuwa jibu lilikuwa mle ndani, hatua chache tu kutoka alipo, na nusu yake ilitaka azime zile mashine. Hakuzizima. Aliendelea mpaka akafika Jumapili, akaanza tena Jumatatu, na wakati huo Mlangoni akaingia na chenji zake.

Mlangoni alienda kuchukua majibu siku iliyofuata, pamoja na binti yake. Kuanzia hapo saluni iligeuka kichekesho. Alikuja kazini na miwani ya jua na barakoa, akidai mafua. Alimkaribia mteja na wembe huku amevaa miwani hiyo, na mteja akakumbuka kwamba ana shughuli. Fulana ya kijani hakuonekana nayo tena, lakini Dirishani hakulitilia maanani, kwa sababu muda wote alikuwa bize kutomtazama. Waliongea wakiwa wamepeana migongo. Mtaa ukajua wamegombana, na watu wawili walikuja kupatanisha.

Jumatatu asubuhi shemeji yake Dirishani, mke wa Mlangoni, alimleta mumewe saluni akimshika mkono, kichwa kimezungushiwa taulo jeupe. Shemeji naye alikuwa na miwani ya jua. Makubaliano yalikuwa yameenea nyumba nzima.

"Mchukue mtu wako, shemeji," alisema. "Ameniangushia vikombe."

Alimkalisha kwenye kiti chake, akaondoka haraka. Dirishani aliufunga mlango, akalirekebisha taulo likakaa sawa puani, akalaza kichwa cha ndugu yake nyuma. Akanoa wembe kwenye mkanda. Alipaka povu.

"Unaona kitu?" aliuliza.

"Naona giza. Una mikono ya baridi."

"Maji ya baridi."

Alianza na shavu la kushoto. Ilikuwa raha, na hilo lilimshangaza. Wiki nzima alikuwa amekosa shavu hili la kijinga lenye kovu dogo ambalo yeye mwenyewe hana, kovu la siku walipogombania embe moja wakiwa watoto na Mlangoni akaanguka. Ndilo jambo pekee mwilini ambalo hawakushirikiana. Alinyoa polepole, akisema maneno ya upuuzi kuhusu fundi rangi, ambaye hajarudi mpaka leo kumaliziwa kichwa. Mlangoni alicheka chini ya taulo. Mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba Dirishani alianza kuamini sheria.

Kitambaa cha begani kilikuwa kimelowa sabuni. Alinyoosha mkono nyuma kwenye msumari bila kutazama, kama alivyofanya tangu ujana, akavuta cha juu, akakileta kwenye wembe. Kilikuwa laini. Kilikuwa kipya. Kilikuwa cha kijani, kimekatwa vizuri kwa mkasi pande tatu na kuchanwa kwa mkono upande wa nne, na juu yake kulibaki herufi zilizosomeka NIMETOA KWA. Vipande vingine viwili vilining'inia kwenye msumari.

Wembe ulikaa hewani.

"Mbona umesimama?" aliuliza Mlangoni.

"Natafuta kitambaa."

"Si kipo hapo kwenye..." Koo la Mlangoni lilipanda, likashuka. Koo halikuwa na taulo. "Hivyo vya juu usichukue. Chukua vya chini."

"Nimeshachukua."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Ni cha zamani tu," alisema Mlangoni. "Kilichanika."

Dirishani hakumwambia kwamba yeye anazijua kofia za benki, kalenda, na mwavuli wa walimu, vyote vizima mpaka leo. Aliogopa. Alipoufikiria mkono wake wa kulia alitaka kuutazama na hakutaka. Alimchukia ndugu yake kwa muda mfupi sana. Alimchukia na yule mama wa mkoba, na daktari wa zamani, na mtu aliyebuni fulana. Halafu akamfikiria binti wa Mlangoni, aliyeuliza kwa ajili ya mtoto wake, akajibiwa. Mwisho akamkumbuka baba, jioni ile, akikunja wembe na kuutia kwenye droo wakati vidole bado ni vile vile vya jana.

Akautazama mkono. Ulikuwa ule ule wa jana.

Nusu ya uso wa ndugu yake ilikuwa bado na povu, na povu lilikuwa linaanza kukauka. Dirishani alifuta wembe kwenye kipande cha fulana, akakitupia begani, akashika kidevu cha Mlangoni kwa vidole viwili.

"Tulia," alisema. "Naingia kwenye koo."

Mlangoni alitulia. Alilaza kichwa nyuma zaidi, koo lote likawa wazi, na Dirishani akalinyoa lote, polepole, mpaka chini kwenye mfupa, bila kumkwaruza hata mahali pamoja. Kisha akampangusa sabuni masikioni.

Sasa ilikuwa zamu yake. Akaenda kwenye kiti cha dirishani, akakaa.

"Fumba macho," alisema, "ulitoe hilo taulo, unipe mimi."

"Wewe la nini? Mwenye kutakiwa kujificha ni mimi."

"Jua linaniumiza."

Nje kulikuwa na mawingu. Dirishani akamsikia Mlangoni akilifungua lile taulo pole pole, akahisi likitua juu ya uso wake, bado lina joto la uso wa mwenzake. Akalivuta mwenyewe mpaka puani, akaficha macho yote mawili, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kujaa na Mlangoni angeyasoma mara moja.

Kiti kilikuwa juu mno. Mlangoni alizunguka nyuma yake, akakipiga teke kama kawaida. Kiti kikashuka ghafla, naye akaomba radhi. Aliomba mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akachukua brashi, akaanza kumpaka ndugu yake povu.